Je, Anderson atainuka tena baada ya kichapo cha Bakole?

JARED Anderson alipopanda ulingoni katika uwanja wa BMO mjini Los Angeles usiku wa Agosti 3, 2024, alikuwa kijana wa miaka 24 aliyeshinda mapambano yake yote 17, na katika 15 kati ya hayo hakuna aliyehitaji kusubiri hesabu ya majaji. Alipoteremka, alikuwa ameangushwa mara tatu na Martin Bakole, bondia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambaye jina lake lilikuwa halijulikani sana nje ya duru za ndondi.

Raundi ya kwanza haikuwa imekwisha pale konde la mkono wa kulia lilipopanda kutoka chini na kumpata Mmarekani huyo kidevuni. Alianguka, akainuka, akaokolewa na kengele. Raundi tatu zilizofuata alijaribu kurudisha heshima yake kwa kurusha makonde mengi, na baadhi yalimfikia mpinzani barabara, ila Bakole aliyapokea kama mtu anayenyeshewa na manyunyu. Katika raundi ya tano Anderson alikwenda chini mara mbili zaidi, na mwamuzi akaona yametosha.

Kwa wengi waliokuwa wakimtazama kama mrithi wa Deontay Wilder, Mmarekani aliyeshikilia taji la uzani mzito hadi Februari 2020, usiku huo ulikuwa kama msiba. Kabla ya mapambazuko, wapo waliokuwa wamekwisha kumzika. Kijana aliyesifiwa kwa miaka mitano akageuzwa kuwa bandia aliyefichuliwa.

Hukumu hiyo ilitolewa kwa pupa. Historia ya uzani huu imejaa mabondia waliopigwa vibaya zaidi wakiwa vijana, kisha wakatawala dunia. Imejaa pia wengine, wasiotajwa sana, ambao kichapo cha kwanza kilikuwa mwanzo wa mteremko usiokuwa na breki. Tofauti baina ya makundi hayo mawili haikutokana na idadi ya mara walizoangushwa, bali na kilichofichuliwa na kichapo chenyewe na jinsi wahusika walivyokishughulikia miezi iliyofuata.

Ili kuelewa kilichofichuliwa Los Angeles, ni lazima kwanza kufahamu jinsi bondia kama Anderson anavyolelewa. Alikulia Toledo, jimbo la Ohio, akawa bingwa wa taifa wa ndondi za ridhaa mwaka wa 2017 na 2018, kisha akaingia ndondi za kulipwa mwaka wa 2019 chini ya kampuni ya Top Rank inayoongozwa na Bob Arum, mkongwe wa biashara hiyo. Kuanzia hapo njia ilikuwa ile ile inayofuatwa na kila promota mwenye kijana wa thamani: anatafutiwa wapinzani ambao wana jina kidogo au mwili mkubwa, lakini hawana uwezo wa kumwadhibu anapokosea. Kila ushindi unaongeza bei, na kile kinachouzwa hasa ni ile sifuri iliyopo mwishoni mwa rekodi yake.

Mpango huo una faida zake. Kijana anapata uzoefu, anazoea kelele za ukumbini, anajifunza kulala na kuamka na jina lake likiwa gazetini. Hasara ni kwamba kosa lisiloadhibiwa hugeuka mazoea. Bondia anayeweza kusimama karibu na mpinzani, kichwa wima na mikono ikiwa chini kidogo, na bado akashinda katika raundi ya pili, hana sababu ya kuacha. Mkufunzi wake atasema hadi sauti imkauke. Rekodi inamwambia kijana kwamba mzee anatia chumvi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa Anderson mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda. Julai 1, 2023, akiwa mbele ya watu wa nyumbani kwao Toledo, alipambana na Charles Martin, bingwa wa zamani wa IBF aliyeitwa kuziba pengo baada ya mpinzani wa awali kukosa kufika. Anderson alimwangusha katika raundi ya tatu na hatimaye akashinda kwa pointi nyingi. Hata hivyo, katika raundi ya tano Martin alimpata kwa konde lililomtikisa hadi miguu ikapoteza mwelekeo kwa muda. Lilikuwa onyo la wazi kutoka kwa mtu aliyekuwa amepita upeo wake miaka saba awali.

Aprili 2024 alikutana na Ryad Merhy huko Corpus Christi, Texas. Merhy, aliyekuwa amepanda kutoka uzani wa chini yake, alirusha makonde machache ajabu, na Anderson akatosheka kumshinda kwa pointi huku mashabiki wakizomea. Ushindi huo haukumfunza lolote. Miezi minne baadaye alikabidhiwa mtu aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 10, aliyejua kutumia uzito wake, na ambaye alikuwa ameepukwa na wengi kwa muda mrefu.

Safari ya Bakole ni kinyume kabisa cha ile ya mpinzani wake. Alizaliwa Kananga, katika eneo la Kasai, katika familia iliyomtoa pia Ilunga Makabu, kaka yake aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBC katika uzani wa cruiser. Alianza kulipwa Afrika Kusini, kisha akahamia Scotland kufanya mazoezi chini ya mkufunzi Billy Nelson. Hakuwa na kampuni kubwa ya kumchagulia wapinzani. Badala yake alijulikana kama mwenza wa mazoezi wa mabingwa, mtu wa kukodiwa kambini ili wenye mataji wajiandae naye, kisha arudi kwao bila kupewa nafasi ya kupigana nao kwa hesabu ya kweli.

Na hata yeye alikuwa amekwisha kuonja uchungu. Oktoba 2018, akiwa bado hajapoteza pambano, alisimamishwa na Mmarekani Michael Hunter katika raundi ya kumi jijini London. Hakuna aliyeandika makala ya kumlilia. Alirudi mazoezini, akapigana na waliokubali, akamshinda Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki wa mwaka wa 2016, mbele ya Wafaransa wenzake jijini Paris mnamo Mei 2022, kisha akammaliza Carlos Takam mwaka uliofuata. Hivyo aliyempiga Anderson alikuwa mtu aliyekwisha kulipa karo ambayo kijana huyo wa Toledo alikuwa bado anadaiwa.

Swali la kwanza, basi, ni iwapo kichapo kile kilifichua kasoro ya mwili au kasoro ya ujuzi. Kasoro ya mwili haina dawa. Bondia ambaye kidevu chake hakistahimili kishindo anaweza kufichwa kwa muda, lakini uzani mzito ni mahali ambapo kila mpinzani ana uwezo wa kumaliza shughuli kwa konde moja, na siku itafika. Kwa Anderson, ushahidi hauelekei huko. Konde lililomwangusha mara ya kwanza lingewaangusha wengi, na baada ya hapo alisimama raundi tatu nzima akibadilishana makonde na mtu mzito kuliko yeye. Hiyo si tabia ya mtu mwenye kidevu cha kioo. Kilichoonekana ni kijana asiyejua afanye nini pale nguvu zake zinaposhindwa kumtisha mpinzani: alibaki mbele yake, akaegemea kamba, akapokea.

Kasoro ya namna hiyo ilimpata pia Joe Louis. Juni 19, 1936, akiwa na umri wa miaka 22 na akiwa hajashindwa, Louis aliangushwa na Mjerumani Max Schmeling katika raundi ya 12 jijini New York. Schmeling alikuwa ametazama filamu za mapambano ya kijana huyo na kugundua jambo dogo: kila aliporusha mkono wa kushoto, aliurudisha ukiwa chini, akiacha shavu wazi kwa mkono wa kulia wa mpinzani. Mkufunzi wake, Jack Blackburn, hakumpeleka likizo. Miezi miwili baadaye Louis alikuwa ulingoni akimmaliza Jack Sharkey, bingwa wa zamani, katika raundi ya tatu. Mwaka mmoja baada ya kichapo akawa bingwa wa dunia, na mnamo Juni 22, 1938 alimsambaratisha Schmeling katika muda wa dakika mbili na sekunde chache.

Zama zile bondia aliweza kupigana mara kadhaa kwa mwaka, hivyo somo lilifanyiwa mtihani upesi. Siku hizi anayelipwa vizuri hupigana mara mbili, pengine mara moja. Kosa la mkono wa kushoto linaweza kuchukua miaka miwili kurekebishwa mbele ya taa za kweli, na miaka miwili ni mingi kwa promota anayehesabu gharama.

Mifano ya karibu zaidi inatoka kwa mwalimu mmoja, marehemu Emanuel Steward wa Detroit. Septemba 24, 1994, Steward alikuwa kwenye kona ya Oliver McCall pale Wembley wakati McCall alipomvua Lennox Lewis taji la WBC katika raundi ya pili. Lewis alikuwa na umri wa miaka 29 na hakuwa amepoteza pambano la kulipwa. Badala ya kumlaumu mwamuzi hadi kiama, ingawa aliamini alisimamishwa mapema, alifanya jambo ambalo wengi wasingekuwa na unyenyekevu wa kulifanya: alimwajiri mtu aliyepanga anguko lake. Steward alimfunza kutumia urefu wake na kuutanguliza mkono wa kushoto. Februari 1997 Lewis alilitwaa tena taji hilo kwa kumshinda McCall yule yule, na baadaye akawa bingwa asiyepingwa.

Wladimir Klitschko wa Ukraine alikuwa na hali mbaya zaidi, na hadithi yake ndiyo inayopaswa kusomwa kwa makini na watu wa Anderson. Machi 8, 2003, akiwa bingwa wa WBO, aliangushwa mara nne na Corrie Sanders wa Afrika Kusini, akasimamishwa katika raundi ya pili jijini Hannover. Mwaka uliofuata alimchukua Steward, na katika pambano lao la kwanza pamoja, Aprili 10, 2004 mjini Las Vegas, alisimamishwa tena, safari hii na Lamon Brewster katika raundi ya tano, baada ya nguvu kumwishia kabisa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Waliosema kazi yake imekwisha walikuwa na hoja, na walikuwa wengi.

Steward hakukata tamaa, wala hakumtafutia mchekea. Alimjengea mtindo mpya ambao haukuwapendeza watazamaji: mkono mrefu wa kushoto mbele, hatua moja nyuma, na mpinzani akikaribia anakumbatiwa na kuelemewa uzito. Septemba 2005 Klitschko alikutana na Samuel Peter wa Nigeria, kijana mwenye makonde ya kutisha, akaangushwa mara tatu. Aliinuka mara zote tatu na kushinda kwa pointi. Usiku ule ulikuwa na maana kuliko mataji yaliyofuata, kwa sababu ulionyesha kuwa mtu anaweza kufundishwa la kufanya baada ya kuanguka. Aprili 2006 alimshinda Chris Byrd na kuwa bingwa wa IBF, na hakuvuliwa ubingwa hadi Novemba 2015 alipokutana na Tyson Fury akikaribia kutimiza miaka 40.

Mambo hayakumwendea hivyo Michael Grant. Mmarekani huyo mwenye mwili wa ajabu, urefu wa zaidi ya mita mbili, aliingia ulingoni dhidi ya Lewis mnamo Aprili 29, 2000 akiwa na ushindi katika mapambano yote 31. Aliangushwa mara tatu katika raundi ya kwanza na kumalizwa katika ya pili. Kama ilivyokuwa kwa Anderson, alikuwa ametengenezwa kwa haraka na kuuzwa kama mfalme ajaye. Julai 2001 aliporejea dhidi ya mpinzani wa maana, Jameel McCline, aliangushwa na konde la mwanzo kabisa, akavunjika kifundo cha mguu. Mwaka wa 2003 Dominick Guinn akamsimamisha katika raundi ya saba. Aliendelea kupigana kwa miaka mingi, lakini nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia haikurudi tena. Grant hakukosa ujasiri wala bidii. Alikosa msingi, na baada ya Lewis hakuna aliyekuwa na subira ya kurudi naye darasani.

Kuna hatari nyingine isiyohusu makonde, nayo ni visingizio. Msomaji wa kanda hii atakumbuka Kinshasa, Oktoba 30, 1974, pale Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Foreman alikuwa na umri wa miaka 25 na alikuwa hajashindwa. Kwa muda mrefu baadaye alidai kamba za ulingo zililegezwa, kwamba hesabu ya mwamuzi ilikwenda mbio, hata kwamba maji aliyokunywa yalitiwa dawa. Zaidi ya mwaka ulipita kabla ya kupigana pambano la kweli, na mwaka wa 1977, baada ya kushindwa na Jimmy Young, akastaafu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, na Foreman alihitaji miaka 20 kulimeza hilo. Alipolitwaa tena taji mnamo Novemba 1994 akiwa na umri wa miaka 45, alikuwa mtu mwingine kabisa, mtulivu, mcheshi, asiyepoteza konde hata moja bure. Promota wake katika safari hiyo ya pili alikuwa Bob Arum.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Arum hajui jinsi mtu anavyofufuliwa. Anajua. Ila Foreman wa pili alijenga upya kwa miaka saba, mwanzoni akipigana katika miji midogo na wapinzani wasio na majina, na gharama ya subira hiyo ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyemtarajia. Anderson hana bahati ya kusahaulika. Jina lake bado linauza tiketi, na jina linalouza tiketi ndilo huwekwa mbele ya kijana mwingine anayejengwa. Ndondi ina desturi ya kuwala wanawe kwa njia hiyo: aliyekuwa tumaini mwaka jana anageuzwa ngazi ya mwaka huu.

Kwa kipimo hicho, hatua ya kwanza ilikuwa ya busara. Anderson alirejea Februari 14, 2025, miezi sita baada ya kichapo, katika ukumbi mdogo wa Madison Square Garden jijini New York, na kumshinda Marios Kollias wa Ugiriki kwa pointi baada ya raundi 10. Wapo waliolalamika kwamba hakumwangusha. Lakini kijana aliyemalizwa katika raundi ya tano hakuhitaji ushindi wa dakika mbili. Alihitaji raundi 10 za kufikiri akiwa amechoka, mbele ya mtu asiyekubali kwenda chini, na alizipata zote. Kama mpango ulikuwa huo tangu mwanzo, uliopanga anastahili pongezi. Kama ilitokea kwa bahati, basi ilikuwa bahati njema.

Siku nane baadaye, mwanamume aliyempiga alipata somo lake. Bakole alikuwa nyumbani Kongo alipoitwa, siku mbili tu kabla ya pambano, kuchukua nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua na kupigana na Joseph Parker mjini Riyadh. Alikubali, akasafiri, akapanda ulingoni akiwa na uzito wa karibu kilo 140 bila maandalizi yoyote ya maana, akasimamishwa katika raundi ya pili. Mei mwaka huo alitoka sare na Efe Ajagba mumo humo Riyadh. Katika muda wa miezi tisa, jabali lililoonekana haliwezi kusogezwa lilikuwa limesogezwa. Waliompima Anderson kwa kimo cha Bakole walilazimika kutafuta kipimo kingine.

Dubois mwenyewe ni mfano unaofaa kutazamwa, kwa sababu yeye na Anderson ni watu wa kizazi kimoja. Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 23, alipiga goti katika raundi ya kumi dhidi ya Joe Joyce huku jicho la kushoto likiwa limefumba, na hakuinuka kabla ya hesabu kwisha. Aliitwa mwoga na watu waliokuwa wameketi vitini. Uchunguzi ukaonyesha mfupa unaolizunguka jicho hilo ulikuwa umevunjika. Agosti 2023 alimalizwa na Oleksandr Usyk katika raundi ya tisa nchini Poland, na maneno yale yale yakarudi.

Alichofanya baada ya hapo hakikutarajiwa. Akiwa na mkufunzi Don Charles, alikubali mapambano mfululizo ambayo kila moja alitabiriwa kuumia: Jarrell Miller mwezi Desemba 2023, Filip Hrgovic Juni 2024, kisha Anthony Joshua mbele ya umati wa Wembley mnamo Septemba 21, 2024. Aliwamaliza wote watatu kabla ya muda, Joshua katika raundi ya tano baada ya kumwangusha mara kadhaa. Hakulindwa. Alipewa wapinzani wagumu waliofuatana kwa karibu, na ujasiri ukajengeka juu ya ujasiri. Mwisho wa mlolongo huo Usyk alimwangusha tena, Julai 19, 2025, katika raundi ya tano, jambo linaloonyesha kwamba kuinuka kutoka kwenye kichapo hakumfanyi mtu kuwa bora kuliko aliye bora kumliko. Lakini Dubois alikuwa amefika kilele ambacho mwaka wa 2020 hakuna aliyethubutu kumtajia.

Njia mbili, basi, ziko mbele ya Anderson. Ile ya Klitschko ni ya polepole, yenye mapambano yasiyopendeza, yenye watu wanaozomea. Ile ya Dubois ni ya kamari. Kwa bondia ambaye kasoro yake ni ya ulinzi wala si ya moyo, ya kwanza ndiyo inayofaa zaidi, hata kama televisheni itapendelea ya pili. Kumrudisha mapema kwa mtu anayepiga kama Bakole, kwa hoja kwamba kijana lazima athibitishe kitu, ni kumtuma mwanafunzi kurudia mtihani ule ule kabla ya kufungua kitabu.

Na hapa ndipo suala linapoacha kuwa la mataji. Wakenya wana sababu yao ya kulijua. Robert Wangila Napunyi, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka wa 1988, alifariki Las Vegas mnamo Julai 1994 akiwa na umri wa miaka 26, kutokana na majeraha ya kichwa aliyopata katika pambano na David Gonzalez. Mwamuzi alipolisimamisha pambano hilo, Wangila alilalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai. Bondia ni shahidi mbaya wa hali yake mwenyewe, na kijana aliyezoea kuambiwa hashindwi ni shahidi mbaya zaidi. Kazi ya kusema basi ni ya kona, ya daktari, na ya yule anayetia sahihi mkataba wa pambano linalofuata.

Kwa umri, Anderson hana sababu ya kukimbilia. Alizaliwa Novemba 1999. Usyk alikuwa na umri wa miaka 38 alipommaliza Dubois pale Wembley, na Klitschko, alipoangushwa na Brewster, alikuwa amezidi kwa zaidi ya miaka mitatu umri aliokuwa nao Anderson usiku wa Bakole. Hata akipoteza miaka mitatu akijifunza kusogea kando baada ya kurusha konde, atakuwa bado hajafikia umri ambao baadhi ya mabingwa wa uzani huu walianza kutawala.

Wanaotaka kujua anakoelekea hawana haja ya kuhesabu ushindi atakaoupata, kwa kuwa wapinzani wa kumpa ushindi hawatakosekana. Watazame raundi ya nne au ya tano, dhidi ya mtu mzito anayesonga mbele bila kuogopa, wakati mgongo wa kijana unapogusa kamba. Usiku ule wa Los Angeles alikaa hapo.